Mpira Uko Mkono wa Kushoto

SEHEMU YA KWANZA

"Usivue viatu," mjomba aliniambia nilipoingia. "Leo tunakwenda wote kazini."

Ilikuwa jioni ya Januari 1, 2007, mjini Boise, jimbo la Idaho. Nilikuwa na miaka 15, na shule zilikuwa zimefungwa.

"Kufanya nini, mjomba?"

"Kunitafsiria. Msimamizi anataka kuongea nami kabla zamu haijaanza. Kiingereza changu unakijua, mpwa wangu. Nina asante na nina samahani, na kwa leo naona vyote viwili havitoshi."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Usiku wa Alhamisi mashine ya kusugulia sakafu ilimponyoka kwenye ngazi za jengo analosafisha, ikabiringika mpaka chini, ikapasua kioo cha mlango mkubwa. Mkono wake wa kulia, ule uliojaribu kuishika, ulikuwa bado umefungwa kitambaa. Tangu usiku ule simu ikilia alikuwa anashtuka, kisha anajifanya hakushtuka.

Gari la kuwachukua wafanyakazi wa usiku hupita kwetu kabla ya saa tano. Tulikuwa na saa kadhaa za kungoja. Nikawasha televisheni, nikaizungusha antena mpaka chenga zikapungua, nikamwambia: "Mjomba, leo Boise wanacheza Fiesta Bowl."

Mjomba ni mtu wa mpira wa miguu. Sisi ni Wazigua wa bonde la mto Juba, Somalia. Wazee wa wazee wetu walichukuliwa utumwani kutoka upande wa Tanzania katika karne ya 19. Vita vilipotutoa kule tukaangukia kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Mwaka 2002 tukapakiwa kwenye mabasi hadi kambi ya Kakuma kufanyiwa usaili, na baada ya usaili mwingi tukaletwa Boise. Kote huko mjomba alikuwa mlinzi wa kati, tena mkali. Mchezo huu wa Kimarekani, wa kubeba mpira mkononi, alikuwa anaupita kama mtu anayepita ugomvi usiomhusu.

"Nieleze basi," akasema, akiketi na koti mapajani. "Nisikae kama kipofu sinema."

Nikamweleza. Mpira umechongoka huku na huku kama papai dogo. Timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa inaukabidhi mpira. Ukiuingiza mpira eneo la mwisho, hiyo ni tachidauni, pointi 6. Baada yake unachagua: upige teke upate pointi 1 ya nyongeza, ambayo karibu kila mtu huipata, au ujaribu kuuingiza tena kutoka karibu upate 2, na hapo wengi hushindwa. Anayepokea mpira kwanza na kuutupa anaitwa kwotabeki.

"Na hii Fiesta ni kombe?"

"Ni mechi ya mwaliko, mjomba. Vyuo vikuu vinacheza ligi zao, msimu ukiisha walio bora wanaalikwa."

Neno mwaliko lilimkaa. Nikamwambia kwamba Boise State hawakuwa watu wa kualikwa mechi kubwa kama hii. Chuo kilianza mwaka 1932 kikiwa cha miaka miwili tu, na timu yake iliingia daraja la juu mwaka 1996. Ligi yao ilihesabiwa ndogo, kwa hiyo bingwa wake hakuwa na kiti cha uhakika kwenye bowl kubwa. Lakini akiingia kwenye 12 bora za nchi nzima angefunguliwa mlango. Msimu wa 2006 Boise walicheza mechi 12, wakashinda 12. Bado magazeti yaliuliza kama wanastahili. Na waliopangwa nao walikuwa Oklahoma, mabingwa wa ligi ya Big 12, chuo chenye mataji saba ya taifa.

Uwanja wenyewe ulikuwa Glendale, Arizona, katikati ya jangwa. Ulifunguliwa Agosti 2006, miezi michache tu nyuma, na hii ndiyo ilikuwa Fiesta Bowl ya kwanza kuchezwa pale. Nikamweleza kwamba paa lake hufunguka, na kwamba nyasi zimepandwa ndani ya sinia kubwa mno lenye magurudumu ya chuma. Siku zisizo na mechi sinia zima husogezwa nje polepole likapate jua.

"Wanauanika uwanja?" Mjomba alisogea mbele. "Kama mpunga?"

"Kama mpunga."

Kuanzia hapo hakutoa tena macho kwenye kioo. Na Boise wakamlipa. Jared Zabransky, kwotabeki, alimtupia Drisan James mpira wa yadi 49, tachidauni. Ian Johnson akaingiza ya pili. 14–0, na robo ya kwanza haijaisha.

"Huyo Johnson," nikasema, "anafuma kofia za sufu kwa mkono wake. Mwezi wa 11 aliumia, pafu likasinyaa, akakosa mechi moja tu."

Nilidhani atacheka habari ya kofia. Akaigusa yake kichwani, aliyoishona mwenyewe kambini, tundu kwa tundu. "Kofia inataka subira," akasema.

Mapumziko walikwenda 21–10. Robo ya tatu Marty Tadman wa Boise akaunasa mpira wa Oklahoma hewani, akakimbia nao yadi 27 hadi mwisho. 28–10. Mjomba alikuwa amesimama, koti limeanguka chini, kitambaa cha mkono kinaning'inia.

Kisha mambo yakageuka. Teke la Oklahoma lilishuka likamgusa mchezaji wa Boise aliyekuwa hata hautazami mpira, Oklahoma wakaudaka. Adrian Peterson, mkimbiaji wao aliyevunjika mtulinga Oktoba na ndiyo kwanza alikuwa anarudi, akaupeleka ndani. Wakaongeza teke la pointi 3. Ikabaki dakika 1 na sekunde 26, wakafunga tena, wakataka pointi 2 za kusawazisha. Walizijaribu mara tatu, kwa sababu ya makosa ya pande zote mbili, na mara ya tatu wakazipata. 28–28.

"Bado mpira ni wetu," nikasema. "Na Zabransky yupo."

"Ni mtu wa kuaminika?"

Hapo nilisita, maana mjomba hadanganywi. Nikamwambia ya Septemba 2005, Boise walipokwenda kucheza Georgia. Kabla ya mapumziko Zabransky alitupa mipira minne mikononi mwa adui, na miwili ikamponyoka. Boise walipigwa 48–13 mbele ya nchi nzima.

Mjomba aliutazama mkono wake uliofungwa. "Ikamponyoka," akasema taratibu. "Wakamfukuza?"

"Walimtoa mechi ile. Halafu wakaendelea naye."

Kwenye televisheni Zabransky alipokea mpira. Nje, honi ya gari la kazini ikalia mara moja. Akarudi nyuma, akainua mkono, akatupa. Mpira ulikwenda ukiwa umenyooka vizuri kabisa, na mikono iliyopanda juu kuudaka haikuwa ya mtu wa Boise.

*Itaendelea Jumamosi ijayo*


SEHEMU YA PILI

*ILIPOISHIA: Timu ziko sare 28–28. Mpira wa Zabransky umedakwa na mtu wa Oklahoma, na gari la kazini liko nje. SASA ENDELEA…*

Marcus Walker ndiye aliyeunasa. Hakuwa na mtu mbele yake. Alikimbia mpaka eneo la mwisho, na Oklahoma, waliokuwa nyuma kwa pointi 18, wakawa mbele 35–28. Zilibaki dakika 1 na sekunde 2.

Nililala kifudifudi kwenye zulia.

"Inuka," mjomba akasema. Alikuwa ameshavaa koti. "Watamtoa sasa?"

"Hapana."

"Angalia kwanza."

Nikaangalia. Zabransky alikuwa anatembea kurudi uwanjani, anafunga mkanda wa kofia yake kidevuni. Hakuna aliyemshika bega, hakuna aliyemzuia. Kocha Chris Petersen, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza kama kocha mkuu, alisimama pembeni na karatasi yake. Mjomba alimwangalia kocha yule kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumwangalia mtu yeyote kwenye televisheni.

"Mwambie dereva dakika moja," akasema.

Mjomba, aliyekuwa hajawahi kuchelewa kazini. Nilifungua dirisha, baridi ikanipiga usoni, nikapiga kelele kwa Kiswahili kwamba tunakuja. Garini mlijaa watu wetu: mama mmoja wa Kivu, kijana wa Burundi, wazee wawili kutoka Kakuma. Dereva alionyesha saa yake.

Boise walisogea hadi katikati ya uwanja, kisha wakakwama. Zabransky aliangushwa na mpira. Akatupa, ukaanguka chini. Akatupa tena, ukaanguka chini. Ikawa jaribio la nne na la mwisho, na zilihitajika yadi 18. Sekunde zilizobaki nazo zilikuwa 18.

"Eleza," mjomba akasema.

"Asipopata yadi 18 hapa, tumekwisha."

"Na akizipata?"

"Bado hatujafika, mjomba. Mpaka langoni ni yadi 50."

Honi ikalia mara ya pili, ndefu. Mjomba aliweka kidole kwenye kitufe cha kuzimia televisheni. Hakukibonyeza.

Zabransky akatupa. Drisan James akaudaka katikati, kwenye mstari wa yadi 35, na moyo wangu ukashuka, kwa sababu niliweza kuhesabu. Zilikuwa 15. Zilipungua tatu. Walinzi wa Oklahoma walimkimbilia kutoka pande zote, na James, badala ya kupigania zile tatu, akakimbia kwa upande, kuwafuata.

*Itaendelea Jumamosi ijayo*


SEHEMU YA TATU

*ILIPOISHIA: Jaribio la mwisho. James ameudaka mpira lakini yadi hazitoshi, na anakimbia kuelekea kwa maadui. SASA ENDELEA…*

Jerard Rabb alikuwa anakuja upande wa pili, mbio zote, wakipishana. Walipokaribiana James akamwachia mpira, pasi ndogo ya chini, kama mtu anayempa mwenzake mtoto abebe. Walinzi wote walikuwa wameshageukia James. Rabb akapita pembeni mwao, yadi 35, akajirusha ndani.

Zilibaki sekunde 7. Teke la nyongeza likapita. 35–35.

Mjomba alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tangu viwanja vya vumbi vya Kakuma. "Alimvuta beki!" alikuwa anarudia, akinitikisa mabega. "Mpwa wangu, alimvuta beki akaachia! Ile ni yetu, ile!" Kisha akazima televisheni na kunivuta mlangoni kwa mkono mzima.

Garini dereva hakututukana kwa kuchelewa. Redio ilikuwa wazi kwa sauti ya juu, na yeye mwenyewe alikuwa analia kidogo, mzungu mzee wa pale pale Boise. Nikakaa katikati, kiti cha pili.

"Kijana," mama wa Kivu akaniuliza, "iko namna gani sasa?"

"Muda wa nyongeza, mama. Kila timu inapewa mpira yadi 25 kutoka langoni. Mmoja akifunga, mwenzake ajibu."

Nikaanza kutafsiri redio. Sijawahi kufanya kazi ngumu hivyo, si hospitali na mama yangu, si kwenye ofisi za karatasi. Mtangazaji anakimbia, na Kiswahili changu kinamkimbiza nyuma kikikosa maneno. Oklahoma walianza. Mara ya kwanza tu kugusa mpira, Adrian Peterson alikata katikati, yadi zote 25, bila kusimama. 42–35. Mwaka huo huo angekwenda kuchezea Minnesota Vikings kwa mshahara, na ningewaambia watu kwamba niliwahi kumtangaza kwa Kiswahili.

Tulikuwa Broadway tukipita kando ya uwanja wa Boise wenyewe, ule wenye nyasi bandia za bluu tangu mwaka 1986. Ulikuwa giza totoro. Vioo vya gari vilikuwa vimejaa mvuke wa pumzi zetu. Kijana wa Burundi alikuwa amefuta duara dogo kwa kiganja na kuchungulia, kana kwamba mechi iko mle ndani.

Boise wakasogea kidogo kidogo mpaka yadi ya 5, wakakwama tena. Jaribio la nne, yadi 2.

"La mwisho tena?" mzee mmoja akauliza.

"La mwisho tena, babu."

Hapo nikakosea kutafsiri, nikaomba radhi, nikaanza upya. Zabransky aliondoka mahali pake, mpira ukaenda moja kwa moja kwa Vinny Perretta, ambaye kazi yake ni kudaka, si kutupa. Perretta akakimbia kulia, kisha akatupa. Derek Schouman akaudaka ndani ya eneo la mwisho. 42–41.

Gari zima lilipiga makofi. Wote walidhani teke dogo litafuata, pointi 1, sare, tuendelee. Nami nilidhani hivyo. Kisha nikasikia alichosema mtangazaji, nikanyamaza.

"Sema," mjomba akaniambia. "Sema kama ilivyo."

"Kocha hataki sare. Anataka zile mbili. Wakiingia, wameshinda. Wasipoingia, imekwisha sasa hivi."

"Na mpira kampa nani?"

"Zabransky."

Mjomba alishika ukingo wa kiti cha mbele kwa mkono wake wa kushoto. Mtangazaji akasema wadakaji watatu wamejipanga upande wa kulia. Ukiona hivyo, mpira unakwenda kulia, kila mtoto wa shule anajua. Mpira ukarudishwa, kelele za watu 73,000 zikaimeza redio, nami sikumngoja mtangazaji.

"Ametupa kulia!" nikapiga kelele. "Ametupa kulia, kule kwenye…"

Redio ikasema kitu kingine kabisa.

*Itaendelea Jumamosi ijayo*


SEHEMU YA NNE

*ILIPOISHIA: Boise wako nyuma 42–41 na wanatafuta pointi 2. Mtoto ametangaza mpira umetupwa kulia. SASA ENDELEA…*

Hakutupa.

Nimeitazama picha ile mara nyingi mno tangu usiku ule, na bado mwili wangu unaanza kwenda kulia. Zabransky anapokea, anageukia wale watatu, mkono wa kulia unapanda na kushuka kwa nguvu, mkono wa mtu anayetupa. Walinzi wa Oklahoma wanaruka kuelekea huko. Lakini kiganja ni kitupu. Mpira uko mkono wa kushoto, umefichwa nyuma ya kiuno, umetulia. Ian Johnson anapita nyuma yake, anauchukua kama mtu anayechukua funguo mezani, na kukimbia kushoto ambako hakuna mtu. Hakuguswa hata na kidole. Wamarekani huuita mchezo huo kwa jina la sanamu ya New York, ile inayoinua mkono.

"Nimekosea!" nikapiga kelele garini. "Kushoto! Ameingia kushoto! Wameshinda!"

43–42. Dereva aliegesha gari kando ya barabara na kuweka paji la uso kwenye usukani. Mama wa Kivu alipiga vigelegele mpaka masikio yakaniuma. Mjomba peke yake alikaa kimya.

"Nyuma ya mgongo?" akaniuliza nilipomaliza kueleza.

"Nyuma ya mgongo."

"Na kocha alijua ni yuleyule wa Georgia."

"Alijua, mjomba."

Tulifika jengoni tumechelewa. Mlango mkubwa ulikuwa bado haujatiwa kioo. Ubao mpana ulikuwa umepigiliwa mahali pake, na mjomba aliupita akiangalia chini. Ndani, mlinzi wa zamu alikuwa ameegemea kaunta akitazama televisheni ndogo. Uwanja wa Glendale ulikuwa umefurika watu. Katikati yao Ian Johnson, bado na mavazi ya mchezo, alikuwa anapiga goti mbele ya msichana mwenye sare ya washangiliaji.

Mjomba alisimama ghafla. "Anaomba msamaha? Amefanya nini tena?"

"Anachumbia, mjomba. Ni mpenzi wake, anaongoza washangiliaji wa Boise."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele ya nchi nzima."

Msichana alifunika mdomo, akatikisa kichwa kukubali. Walioana kiangazi cha mwaka huo huo. Mlinzi aligeuka akatunyooshea mkono, macho mekundu, na mjomba akampa mkono wake wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na kitambaa. Walishikana muda mrefu, watu wawili wasioelewana hata sentensi moja.

Ndipo mlango wa ofisi ukafunguka.

Msimamizi alitoka akiwa na karatasi mkono mmoja na shada la funguo mkono wa pili. Hakuangalia televisheni. Aliangalia saa ya ukutani, akamwangalia mjomba, akaniangalia mimi, akauliza kama mimi ndiye mtafsiri. Nikasema ndiyo. Mjomba alivua kofia yake ya kushona, akaishika kifuani.

Msimamizi alizungumza polepole, sentensi mbili tu, bila kupandisha sauti. Nilizielewa zote mbili, neno kwa neno. Nilijua pia kwamba usiku ule nilikuwa nimeshakosea mara mbili, na hapa hapakuwa na mtangazaji wa kunisahihisha.

Mjomba alinigeukia.

"Amesema nini?"

*Itaendelea Jumamosi ijayo*